Kutoka Nizwa Hadi Sur: Safari ya Hema na Watoto Wadogo Nchini Oman

Wengi katika jamaa zetu walipopata habari kwamba tunakwenda Oman na kulala hemani, waliuliza swali moja: mtu aliyekwisha kulipa nauli ya ndege ya watu watano, vipi tena akalale chini? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo lililozaa safari yenyewe. Tuliweka akiba kwa miaka miwili. Akiba hiyo ilitosha nauli, gari la kukodi na chakula, lakini haikutosha vyumba vya hoteli kwa usiku tisa. Ama tungekaa siku tatu Muscat na kurudi, ama tungelala hemani na kuufikia mji wa Ibra, anakoishi bibi mdogo, ndugu wa tumbo moja na marehemu bibi yetu. Bibi huyo aliondoka Unguja akiwa msichana, na sasa umri wake umepindukia miaka themanini. Watoto wetu walikuwa wakiijua sauti yake kwa simu tu.

Tuna watoto watatu: binti wa miaka 8, mvulana wa miaka 5, na mwingine wa miaka 2 ambaye bado hajaelewa kwa nini nyumba inaweza kukunjwa na kutiwa mfukoni. Tunaandika haya kwa ajili ya familia zenye watoto wa umri huo, ambazo mara nyingi huambiwa zisubiri mpaka watoto wakue. Watoto watakua, inshallah. Wazee wanaowangoja huenda wasiwe na muda huo.

Nchi yenyewe

Oman ni nchi inayomfaa msafiri wa hema. Wenyeji wenyewe hutoka na familia zao kila mwisho wa juma, yaani Ijumaa na Jumamosi, wakatandika mikeka ufukoni au jangwani, na kumkuta mgeni akifunga kamba za hema si jambo la kuwashangaza. Barabara kuu ni nzuri, na vituo vingi vya mafuta vina msikiti mdogo, choo na maji ya kutawadhia. Kwa familia yenye watoto hiyo ni nusu ya mpango.

Majira ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Wakati wa kiangazi joto huvuka nyuzi 40, na mtoto mdogo hana kazi ya kufanya hemani katika joto hilo. Miezi ya kuanzia Novemba hadi Machi ndiyo yenye nafuu, na likizo ya Desemba ya shule zetu huangukia humo. Lakini mwezi huo una sharti lake: jua huzama mapema, yapata saa kumi na moja na nusu jioni. Kwa hiyo tuliweka kanuni kwamba ikifika Alasiri gari limesimama, na ikifika Magharibi hema limesimama. Kanuni hiyo ilitukinga pia na ngamia na mbuzi, ambao huvuka barabara usiku bila kuuliza mtu.

Anayetoka kwetu akumbuke pia kuwa magari ya kule hupita kulia na usukani uko kushoto. Siku ya kwanza tuliendesha mitaa mitulivu ya Muscat, mmoja akishika usukani na mwingine akisema kwa sauti kila tulipofika kwenye mzunguko: "Kulia, tunaanzia kulia." Kiti cha mtoto cha garini tulikiagiza pamoja na gari, kwa kuwa sheria ya huko inakitaka kwa watoto wadogo, na hata isingekitaka, akili inakitaka. Fedha nayo ina hesabu yake: riyali moja ya Oman ina baisa 1,000, na thamani yake imefungwa kwenye dola, riyali moja ikiwa takriban dola 2.6. Anayeona bei ya 0.500 asidhani ni bure; ni baisa 500, zaidi ya dola moja.

Kupanga vituo

Tulianza na karatasi tupu na miiko miwili: tusiendeshe zaidi ya saa tatu kwa siku, na tusihamishe hema kila siku ikiwa tunaweza kulala mahali pamoja usiku mbili. Mzunguko wetu wote, kutoka Muscat hadi Nizwa, kisha Ibra, Bidiyah, Sur na kurudi Muscat kwa njia ya pwani, hauzidi kilomita 1,000. Mtu mzima peke yake anaweza kuumaliza kwa siku mbili. Sisi tuliupa siku kumi.

Kilichofunga ratiba yetu kilikuwa ni masoko mawili. Nizwa ina mnada wa mifugo kila Ijumaa asubuhi, na Ibra ina soko la wanawake kila Jumatano. Kwa hiyo Alhamisi na Ijumaa tungelala Nizwa. Jumamosi na Jumapili tungepanda Jabal Akhdar, ambako kijiwanda cha Saiq kiko yapata mita 2,000 juu ya bahari. Jumatatu tungeshukia Ibra kwa bibi na kukaa mpaka Jumatano. Kisha usiku mmoja ukingoni mwa jangwa, mmoja karibu na Sur, na mmoja pwani.

Vitu vya safari hatukuvibeba vyote kutoka Dar es Salaam. Hema kubwa, mikeka na chupa za chai tuliazima kwa jamaa wa Muscat, na jiko na mtungi wa gesi tukanunua huko huko, maana gesi haipandi ndege. Kutoka nyumbani tulichukua yale ambayo watoto hawakubali mbadala wake: blanketi la kila mmoja, kikombe cha yule mdogo, dawa za homa na za kuharisha, chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, na taa ndogo za kuvaa kichwani. Maji tulihesabu lita 5 kwa kila mtu kwa siku, ya kunywa, kupika na kutawadhia, tukaongeza dumu moja la akiba ambalo halikuguswa mpaka tumeshapata jingine.

Liko jambo ambalo familia nyingi huona haya kuliuliza, nalo ni choo. Tulinunua hema dogo la kusimama, lenye ukubwa wa kabati, tukalitumia kwa choo na kuoga. Ndani yake kulikuwa na poti ya mtoto, ndoo, kopo na jembe dogo la kuchimbia na kufukia, mbali na maji na mbali na njia. Kwa hema hilo mama na binti walikuwa na stara kamili hata pale ambapo hapakuwa na kichaka. Bila ya hilo tusingethubutu safari hii.

Nizwa

Kutoka Muscat hadi Nizwa ni yapata kilomita 160. Tulipiga hema nje ya mji, kwenye uwanda wa mawe ulioinuka, baada ya kumuuliza mzee aliyekuwa akichunga mbuzi kama pana ubaya. Hakusema neno, alikwenda zake, akarudi na sahani ya tende na birika la kahawa. Mvulana wetu wa miaka 5 aliuliza kama mzee huyo ni jamaa yetu. Tulimwambia kuwa mgeni ana haki kwa mwenyeji wake, na kwamba siku yake ya kubeba sahani itafika.

Mnada wa Ijumaa huanza mapema. Wauzaji huwazungusha mbuzi, kondoo na ng'ombe katika duara, na wanunuzi huketi ndani na nje ya duara hilo wakitaja bei. Watoto walielewa biashara hiyo haraka kuliko sisi. Jirani yake imesimama ngome ya Nizwa, yenye mnara mpana wa mviringo, iliyojengwa katika karne ya 17 na Imam Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaaruba. Ndani yake vimo vyumba vya kuhifadhia tende, na walinzi wa zamani walimmwagia adui asali ya tende iliyochemka kupitia matundu ya milangoni. Habari hiyo ilimtosha mvulana kwa siku nzima.

Alasiri tulikwenda Falaj Daris, mmoja kati ya mifereji mitano iliyotiwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Maji hutoka chini ya ardhi na kutembea kwa mteremko peke yake, bila pampu. Yanapoingia mji, kwanza huchotwa ya kunywa, kisha hufuata ya kuogea na kufulia, na mwisho huingia mashambani kwa zamu iliyopangwa. Binti yetu alikaa ukingoni akitazama, akauliza nani anahakikisha kuwa mtu wa juu hamalizi maji ya mtu wa chini. Tukamwambia kuwa kila mfereji una msimamizi wake. Akasema anamwonea huruma.

Msikitini aliuliza swali jingine. Waumini wengi wa Oman ni Ibadhi, na aliona wengi wakisali bila kufunga mikono. Tulimjibu kwa utulivu kwamba hao ni Waislamu wenzetu, kibla chetu ni kimoja, na kwamba hata Unguja imo misikiti yao ya zamani. Mtoto akijibiwa namna hiyo akiwa na miaka 8, hatapata shida akiwa na miaka 28.

Mawingu juu ya mlima

Jumamosi asubuhi tulisoma tangazo la hali ya hewa. Mvua ilitarajiwa Jumapili na Jumatatu juu ya milima ya Hajar. Angani palikuwa peupe, jua liko juu ya mitende, na Jabal Akhdar ilionekana karibu kama mtu angeigusa. Gari tulilokodi lilikuwa la kuvuta kwa magurudumu yote manne, maana polisi wa kizuizi cha Birkat al-Mawz hawaruhusu jingine kupanda. Binti yetu alikuwa amehesabu siku tangu Septemba. Alitaka kuona moshi wa baridi ukitoka mdomoni mwake.

Ni lazima msomaji aelewe maana ya wadi. Ni korongo la mto ambalo karibu mwaka mzima ni kavu, lenye mchanga laini, kivuli na mahali pazuri pa hema. Mvua ikinyesha milimani, hata umbali wa kilomita nyingi, maji huteremka humo kwa nguvu huku pale ulipo jua linawaka. Aprili 2024 mafuriko ya ghafla katika mkoa wa Kaskazini Sharqiyah, mkoa huo huo wenye mji wa Ibra, yaliua watu, wakiwemo wanafunzi waliosombwa na maji wakiwa ndani ya gari. Wenyeji bado wanayataja kwa sauti ya chini.

Tulikaa chini, wazazi wawili, tukayaweka mambo mezani. Tukipanda mlima, huenda tusipatwe na lolote. Lakini mvua ikinyesha tukiwa juu, kushuka kutachelewa, na njia ya kwenda Ibra ina makorongo ya kuvuka. Tungeweza kupoteza siku mbili, na siku hizo zingetoka kwenye siku za bibi, kwa kuwa tarehe ya ndege haisogei. Mlima tungeweza kuufuata mwaka mwingine.

Tukaamua kuuacha. Binti alilia, na hatukumkataza. Tulimwonyesha ramani na tangazo, tukamweleza kuwa katika safari yuko kiongozi, na kiongozi hupewa amana ya roho za wenzake kabla ya furaha zao. Alinyamaza mpaka Izki. Saa nane mchana tulikuwa Ibra, siku mbili kabla ya ahadi.

Ibra

Bibi mdogo alikuwa ameketi barazani. Alimtazama binti yetu kwa muda mrefu, kisha akamwita kwa jina la marehemu dada yake. Hakuna aliyemsahihisha. Kiswahili chake ni cha Unguja ya zamani, kina maneno ambayo sisi tulikwisha kuyapoteza, na mtaani kwake tulikisikia kwa majirani wengi, dukani na msikitini. Familia nyingi za Ibra zilikuwa na jamaa Afrika Mashariki tangu zama za majahazi. Wengine walirejea baada ya mwaka 1964, na wengi zaidi baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos alipowaita.

Jumapili jioni mvua ilifika. Tulikuwa chini ya paa, na hema limekunjwa. Usiku tulisikia korongo la mji likinguruma, na asubuhi barabara iliyokuwa inapita ndani yake haikuonekana. Yalikuwa maji ya rangi ya chai yakibeba matawi ya mitende. Polisi walifunga njia mpaka Jumanne. Binti yetu alisimama mbali na ukingo, ameshika mkono wa baba yake, na hakutaja tena mlima.

Badala ya usiku mbili tulipata nne. Katika usiku wa pili bibi alimwuliza binti kitabu anachoandikia ni cha nini. Kilikuwa daftari la safari, alimoandika majina ya vituo na kilomita. Bibi akamwambia: "Andika na haya, mjukuu wangu." Akaanza kutaja watoto wa mama yake kwa mpangilio wa kuzaliwa, na nani alizikwa wapi. Sisi tulikuwa tukijua majina saba. Yalikuwa kumi na moja. Wawili walifariki wachanga, mmoja alikwenda Mombasa na habari zake zikakatika, na mmoja jina lake ndilo alilopewa mwanetu wa miaka 2 bila ya sisi kujua kuwa limewahi kuwamo katika ukoo.

Kwa swala, tulifika Jumamosi na kuondoka Jumatano, siku kamili zikiwa tatu tu kati yake, hivyo kwa madhehebu yetu ya Shafi tulibaki wasafiri na kukusuru. Tuliposali nyuma ya imamu mwenyeji tulitimiza rakaa nne pamoja naye. Asiye na uhakika amuulize mwanachuoni wake kabla ya kuondoka, maana barabarani si mahali pa kuanza kujifunza.

Jumatano mama na binti waliingia soko la wanawake, ambamo wauzaji na wanunuzi ni wanawake watupu: nguo, udi, manukato, kofia zilizotiwa nakshi. Baba na wavulana walibaki nje na miwa.

Mchanga na bahari

Kutoka Ibra tuliteremka Bidiyah, mlango wa jangwa la Sharqiyah, ambalo wengine huliita Ramlat al-Wahiba. Hatukuingia ndani sana. Gari moja peke yake halipaswi kuingia kwenye vilima vya mchanga. Tulipunguza upepo wa matairi na kupiga hema ukingoni, mahali ambapo taa za kijiji zilionekana. Usiku ulikuwa wa baridi kali. Hapa tunasisitiza jambo moja kwa kila mzazi: usiingize jiko la mkaa ndani ya hema ili kuwapasha watoto joto. Moshi wake usioonekana huua watu usingizini. Tulivaa soksi na kofia, tukalala watano pamoja. Asubuhi kila kiatu kilikung'utwa kabla ya kuvaliwa, kwa hofu ya nge.

Sur ni mji wa mabaharia. Vyombo vyake vilikuja Unguja na pepo za kaskazi vikiwa na tende na samaki wakavu, vikarudi na kusi vikibeba boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji. Katika nyumba kongwe za Oman boriti hizo bado zimeshika dari. Jahazi liitwalo Fath al-Khair, lililojengwa Sur mwaka 1951, limehifadhiwa huko nchi kavu, na karakana ya majahazi ingali ikifanya kazi. Karibu na hapo ni Qalhat, bandari ya kale ambayo Ibn Battuta aliifikia katika karne ya 14, baada ya kuwa amekwishafika Mombasa na Kilwa. Alitembea kwa miguu, akavimba nyayo, huku mwongozaji wake akinuia kumwibia nguo zake. Watoto wetu, waliokuwa wakinung'unika juu ya mwendo wa dakika kumi, walitulia walipoisikia habari hiyo.

Ras al-Jinz tuliingia kabla ya Alfajiri pamoja na waongozaji wa hifadhi, kwa kuwa ufuko huo haukanyagwi bila wao na hema haliruhusiwi. Kasa hutaga humo mwaka mzima, ingawa kilele chake ni kiangazi. Tulimwona mmoja tu, akifukia mayai yake kwa makasia ya nyuma, kisha akaburura mwili kuelekea baharini. Taa zilizimwa, na mtoto wa miaka 2 alinong'ona kama alivyoambiwa. Usiku wa mwisho tulilala ufukoni kwenye njia ya kurudi Muscat, tukachoma samaki, na asubuhi tukaokota takataka zetu na mbili tatu za waliotutangulia.

Kwa anayepanga

Familia itakayopenda kufuata njia hii na ianze na mtu, kisha mahali. Ijiulize ni nani wa kuonwa, na siku zake ziwekwe katikati ya ratiba, zisiachwe mwisho ambapo kila uchelewaji huzipunguza. Iache angalau siku moja tupu isiyo na jina. Isilale korongoni hata pakiwa pakavu na pazuri kiasi gani, na isivuke maji yanayotembea. Ihifadhi simuni namba 9999 ya dharura. Ikubaliane kabla ya safari ni nani mwenye neno la mwisho mawingu yakionekana, ili wazazi wasibishane mbele ya watoto kando ya barabara.

Na kila mtoto anayeweza kushika kalamu apewe daftari. Majina yale kumi na moja sasa yamenakiliwa nakala nne, Dar es Salaam, Unguja, Muscat na Ibra, na jamaa wa Mombasa wameanza kuulizia habari za yule mmoja aliyepotea. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wazee wetu waliobaki, na azijaalie safari za familia za Waislamu kuwa za kheri, kwenda na kurudi.